Seli ya mmea: fungua muhogo mchungu uone

Mama mmoja wa Tandahimba ameuliza hivi: "Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Kila jioni anakariri sehemu za seli ya mmea: ukuta, utando, kiini, vakuoli, kloroplasti, mitokondria. Nikimuuliza zina kazi gani, ananisomea mstari mmoja mmoja daftarini kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mimi niliishia darasa la saba, lakini shamba nalijua. Nalima mikorosho na muhogo. Naomba unieleze, hivyo vitu vinafanya kazi gani hasa ndani ya mimea ninayoilima? Na je, seli inaonekana kwa macho?"

Dada yangu, mwanao hana kosa. Tatizo ni ule mchoro. Kisanduku cha pembe nne, duara moja la kiini, vidonge vitatu vya kijani, mishale, basi. Huo ni mmea gani? Si mwembe, si mkorosho, si mgagani. Nimefundisha baiolojia huku kusini miaka mingi na bado sijakutana shambani na mmea unaoitwa "mmea". Kwa hiyo mchoro tuuweke kando, tuchukue muhogo. Tena si ule mtamu wa kuchemsha tukanywea chai. Tuchukue ule mchungu, unaopandwa kwa sababu ngedere na nguruwe pori wakiuonja mara moja hawarudi.

Nimeuchagua kwa sababu moja. Muhogo mchungu ukiwa mzima ardhini karibu hauna sianidi huru, ile sumu kali, ndani yake. Sumu huzaliwa pale unapoukata, unapoung'ata au unapoutwanga. Ukijua kwa nini iko hivyo, utakuwa umeshajua seli imejengwaje, maana kazi kubwa ya seli ni kutenganisha vitu ambavyo havitakiwi kukutana.

Tuanzie nje, kwenye ukuta. Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta wa selulosi, na kuta za majirani zimegandana kwa gundi iitwayo pektini. Papai likiiva linalainika kwa kuwa gundi hiyo inaanza kuachia. Nguo ya pamba uliyovaa ni selulosi hiyo hiyo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la koki, akakitazama kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vimepangana kama sega la asali, akaviita seli. Alichokiona kilikuwa kuta tu. Wenyewe walishakufa zamani. Hata kinyago cha mpingo, hiki ambacho wachonga Wamakonde wametembeza jina lake dunia nzima, ni kuta za seli zilizokufa, zimekazwa kwa lignini, kile kinachoupa mti ugumu, na kujazwa utomvu mweusi. Patasi ya mchongaji inapita kwenye kuta tupu.

Ukuta unazuia seli isipasuke inapojaa maji, na ndio unaoufanya mmea usimame bila mifupa. Lakini usidhani ni kama ukuta wa matofali. Maji na chumvichumvi hupita humo kama kwenye kitambaa. Ni mnene, unaloa, na una nafasi ya kuhifadhi vitu. Katika muhogo, humo ukutani kumewekwa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi moja tu, na hiki kazi yake ni kukata kitu kimoja kiitwacho linamarini. Basi, kimekaa hapo ukutani kinasubiri.

Ndani ya ukuta kuna utando wa seli. Hapa wanafunzi huchanganya sana, na mchoro unachangia kwa sababu ukuta na utando huchorwa kama mistari miwili inayofanana. Havifanani hata kidogo. Utando ni mwembamba mno: ukipanga tando elfu kumi moja juu ya nyingine ndipo unapata unene wa unywele. Umetengenezwa kwa mafuta na protini, na unachagua. Maji unayapitisha kwa urahisi. Chumvi, sukari na protini lazima vipite kwenye milango yake maalumu.

Hili mwanao anaweza kuliona leo. Mnunulie embe bichi, mkate vipande, mnyunyizie chumvi na pilipili kama wanavyouza kule sokoni na stendi. Msile kwanza. Acheni sahani dakika ishirini. Mtakuta maji yamejaa chini na vipande vilivyokuwa vinatoa mlio vimelegea. Hakuna aliyeyakamua. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji kutoka ndani ya seli kupitia utando, na utando wenyewe umenywea, ukajitenga na ukuta kama puto lililopungua upepo ndani ya boksi. Ndiyo osmosisi hiyo, neno analolikariri. Ukitaka kuona upande wa pili, nenda Mikindani kwenye mikoko. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, umesimama kwenye maji ya bahari na haulegei. Sehemu ya chumvi huitoa kupitia majani, ukilamba jani unaipata kwenye ulimi, na nyingine huifungia ndani ya seli zake ili ushindani wa kuvuta maji uwe sawa na bahari.

Huifungia wapi? Kwenye vakuoli, ule mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Na hapa nitakaa kidogo, maana vakuoli ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Daftari la mwanao, naweza kuapa, linasema "vakuoli: huhifadhi maji na taka". Taka! Katika seli iliyokomaa vakuoli huchukua hadi asilimia 80 au 90 ya nafasi yote ya ndani, na kila kilichobaki, kiini na wenzake wote, kimebanwa kwenye ukingo mwembamba kati ya vakuoli na utando. Ukila tunda, kwa kiasi kikubwa unakunywa vakuoli. Ukali wa ukwaju na ndimu uko humo. Rangi ya zambarau ya kitunguu iko humo. Maji yaliyojaa humo yanasukuma utando ukutani, na msukumo huo ndio unaolifanya jani lisimame. Mchicha uliolegea sokoni haujafa. Vakuoli zake zimepungua maji. Muuzaji akiloweka mashina kwenye beseni, baada ya muda mfupi majani yanasimama na bei inasimama nayo.

Vakuoli nayo ina utando wake. Na ndani ya vakuoli za muhogo ndimo inamokaa linamarini. Hiyo ni sukari iliyoshikamana na kipande chenye sianidi. Kikiwa kimeshikamana hivyo kimetulia. Kitu pekee kinachokosekana ni mkasi, yaani linamarasi, nao uko nje kule ukutani, ng'ambo ya tando mbili. Kama kila kitu ni kizima, havionani maisha yote ya mmea.

Sasa ngedere aje ang'ate. Seli zinapasuka kwa maelfu, vakuoli zinamwagika, linamarini inakutana na linamarasi. Sukari inakatwa upande mmoja, na kile kinachobaki hakidumu, kinavunjika na kutoa haidrojeni sianidi. Mmea haukuhitaji kuamua chochote. Adui mwenyewe ndiye aliyebomoa kuta na kuchanganya dawa.

Nakumbuka bibi yangu kule Mchinga, Lindi, akitwanga kisamvu. Alikuwa na masharti mawili: majani yatwangwe mpaka yawe laini kabisa, na sufuria ikianza kuchemka isifunikwe. Nilipokuwa mdogo niliona ni ubishi wa wazee. Ilikuwa kemia. Kutwanga kunapasua seli ili linamarini yote ikutane na kimeng'enya wakati kingali hai. Halafu haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida pale Lindi. Ukiiachia nafasi inapaa yenyewe, na kwenye sufuria iliyo wazi inaondoka na mvuke. Majani yaliyochemshwa mazima bila kutwangwa ni hadithi nyingine: moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, lakini linamarini yenyewe haiogopi moto. Nyingine itatoka na kuingia kwenye maji, nyingine itabaki kwenye majani. Na ndiyo maana muhogo mchungu hauwi salama kwa kuchemsha tu mara baada ya kumenya.

Kuna jambo jingine utakuwa umeliona kwenye kisamvu. Kikipikwa peke yake kinabadilika kutoka kijani kibichi kuwa kijani cha udongoudongo. Ni vakuoli tena. Zinapopasuka, asidi iliyokuwa imefungiwa inamwagikia umbijani, ile rangi ya kijani ya kloroplasti, na kung'oa madini ya magnesi yaliyo katikati yake. Ukitia magadi asidi inapoozwa na kijani kinakaa.

Sasa nije kwenye makopa, kwa sababu unaishi kwenye uwanda wa Makonde na najua habari ya maji huko. Mahali penye mto wa karibu, watu huloweka muhogo siku tatu mpaka ulainike na kuchacha. Vijidudu vinakula kuta za seli, tando zinaachia, na mengine yanafuata. Juu uwandani, ndoo ya maji ni mali, nani aloweke magunia ya muhogo? Kwa hiyo tunamenya, tunapasua vipande, tunaanika juani. Kwa macho ni usafi mtupu: vipande vyeupe, vikavu, vinagongana vikilia. Lakini tazama kwa macho ya seli. Kipande kikubwa kinakauka huku sehemu kubwa ya seli zake hazijapasuliwa. Tando zinapokuja kuharibika kwa ukavu, maji yameshapungua mno, na kimeng'enya bila maji hakifanyi kitu. Linamarini inabaki sehemu kubwa, na linamarasi inabaki imelala pembeni yake. Mwaka wa ukame ni mbaya zaidi, maana muhogo uliokosa mvua hutengeneza linamarini nyingi kuliko kawaida, na mwaka huo ndio tunaoutegemea muhogo kuliko kitu kingine. Wenye kuutwanga muhogo mbichi kwanza ndipo wakauanika wanapata unga ulio salama zaidi, kwa sababu ile ile ya bibi na kisamvu.

Nimesema "imelala" kwa makusudi. Ukishayasaga makopa, mashine imezivunja seli ambazo jua halikuzivunja. Linamarini na mkasi wake sasa vimo kwenye unga mmoja, kavu kavu, vimelala bega kwa bega. Viamshe kwa maji. Njia hii iliandaliwa na mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, na ukijua seli utaiona ni ya wazi kabisa. Weka unga kwenye bakuli, tia alama kwa ndani pale ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utaanza kupanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, ukae muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu songa ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyokuwa imebaki hushuka hadi theluthi moja, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita. Na maji hayapotei, si ungeyatia kwenye ugali hata hivyo? Kwa kipimo, unga wa muhogo unaokubalika kimataifa usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Haya, umeuliza kuhusu sehemu zote, na hadi sasa nimezungumzia ukuta, utando na vakuoli. Zilizobaki zinakuja kwa swali moja: hivi vitu viwili, linamarini na mkasi wake, vimetengenezwa na nani, na vimefikaje kila kimoja mahali pake bila kukutana njiani?

Maelekezo yako kwenye kiini. Ndani ya kiini cha kila seli ya muhogo kuna kromosomu 36, na humo katika DNA yake imeandikwa jinsi ya kutengeneza kila protini ya mmea huo. Seli ya jani ina maandishi yote, ya mzizi ina maandishi yote, ya shina pia. Ndiyo maana unapanda pingili, huhitaji mbegu, na pingili ya mchungu inakupa mchungu. Kiini hakitoki na kitabu chake nje. Kinatoa nakala ya ukurasa mmoja, nakala inapita kwenye vitundu vya utando wake, inafika kwenye saitoplazimu, ule ute unaozunguka kila kitu, na huko ribosomu zinaisoma na kuunganisha protini.

Nikizungumzia kiini huwa siwezi kupita bila kutaja dafu. Sisi watu wa pwani tumeutazama mnazi kwa makini kiasi kwamba kila umri wa tunda lake una jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Basi, yale maji ya dafu ni kitu cha ajabu katika elimu ya seli. Ni chakula cha mmea mchanga, lakini mwanzoni hutengenezwa kwa viini kugawanyika na kugawanyika bila kujenga kuta kati yake. Viini vinaelea kwenye maji kama wapangaji waliohamia kabla nyumba haijajengwa. Baadaye kuta zinaanza kujengeka kuanzia pembeni, kwenye kifuu, zikielekea ndani, na ndio ule utelezi mweupe unaoukwangua kwa kijiko. Koroma ni pale ujenzi umeendelea sana. Unapokunywa dafu unakunywa kitu ambacho hakijagawanywa vyumba. Wanaokuza mimea kwenye chupa maabara huyatumia maji hayo mpaka leo, kwa sababu yana vichocheo vinavyoziamsha seli zigawanyike.

Turudi kwenye muhogo. Protini zinazoanzisha linamarini zimebandikwa kwenye retikulamu endoplazimu, mtandao wa tando uliokunjamana kuanzia ukingoni mwa kiini. Hapo asidi amino (moja ya vipande vinavyojenga protini) iitwayo valini inabadilishwa hatua kwa hatua, na mwisho inaungwa na sukari ili itulie. Kazi hii hufanyika sana kwenye majani, kisha mzigo husafirishwa kwenda mizizi na kufungiwa kwenye vakuoli. Mkasi, linamarasi, unapita njia nyingine. Unaingizwa ndani ya mtandao huo huo wakati ribosomu ingali inauunganisha, unavutwa hadi kwenye vifuko vilivyopangana kama chapati vinavyoitwa vyombo vya Golgi, kwa jina la Mtaliano Camillo Golgi aliyevieleza mwaka 1898, unakamilishwa, unafungashwa kwenye kifuko kidogo, na kifuko kinafika kwenye utando na kuumwaga mzigo nje, ukutani. Daftari la mwanao linasema Golgi "hufungasha na kusafirisha". Ni kweli. Ila sasa unajua kosa moja la anwani lingefanya nini.

Kloroplasti nitaipitia haraka, si kwa kuwa ni ndogo kwa umuhimu bali kwa kuwa hiyo kila mtu anaijua: iko kwenye majani, ina umbijani, inatumia mwanga wa jua kuunganisha hewa ya kaboni dayoksaidi na maji kuwa sukari. Kinachosahaulika ni ndugu yake aliye gizani. Mzizi wa muhogo hauna kijani, lakini una vijumba vya ukoo huo huo viitwavyo amiloplasti, ambavyo kazi yake ni kuipokea sukari iliyotoka juu na kuigeuza wanga. Ugali wa muhogo ni amiloplasti zilizopikwa. Tone la aidini kwenye muhogo mbichi linageuka bluu inayokaribia nyeusi mbele ya macho yako. Ndio wanga wenyewe unajibu. Na unapoona shamba lina ugonjwa wa batobato, yale mabaka ya njano ni mahali ambapo kloroplasti zimeharibika. Kirusi kililetwa na nzi weupe, na kwa kuwa hakina ribosomu zake, kinatumia za muhogo kujitengenezea nakala. Kisha kinapita kutoka seli hadi seli kwenye vijia vyembamba vinavyotoboa kuta za majirani, viitwavyo plazimodesmata. Karibu kila ukuta wa seli hai ya muhogo una vijia hivyo. Mchoro wa kitabuni hauvionyeshi, na mtoto anaondoka akidhani kila seli inaishi peke yake.

Mitokondria ndiyo inayonirudisha kwenye sumu. Humo sukari inamalizwa kuchomwa taratibu ili seli ipate nguvu ya kufanya haya yote niliyoyaeleza. Mimea inazo, watu tunazo. Watoto wengi huandika kwenye mtihani kwamba mmea una kloroplasti badala ya mitokondria, na wanakosa. Una zote mbili. Oksijeni tunayovuta inakwenda kutumika huko, mwishoni kabisa, kwenye kimeng'enya kimoja chenye chuma na shaba. Sianidi huking'ang'ania chuma hicho na kazi inasimama. Mtu anapumua, hewa ipo, damu imebeba oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia.

Mbona basi muhogo haujiui wenyewe pale unapojeruhiwa? Kwa sababu mitokondria za mimea zina njia ya pili, kimeng'enya kingine ambacho sianidi haikiwezi. Nguvu inayopatikana ni ndogo, lakini kazi haisimami. Isitoshe, seli za muhogo zinajua kuikamata sianidi na kuigeuza kuwa asidi amino. Sisi njia ya pili hatuna. Mwili wetu unaipoza sianidi kidogo kidogo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini tunazokula. Ndiyo maana ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na usiopona, huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, siku baada ya siku, bila kitoweo. Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mkoa wetu wa Mtwara umewahi kuuona. Dagaa, kunde, mbaazi au choroko pembeni ya ugali huo, pamoja na ladha yake, vinaupa mwili salfa ya kupigania.

Kuhusu mikorosho, neno moja tu, kwa kuwa msimu wa kupuliza hauko mbali na mawazo ya mtu yeyote wa Tandahimba. Ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani machanga na maua, ni kuvu, na kuvu huyo haingii ndani sana. Anakaa juu ya jani, anatoboa ukuta wa seli ya ngozi ya nje, na hapo anafanya ujanja: hautoboi utando. Anausukuma ndani kama kidole kinavyosukuma puto, na kunyonya kupitia huo. Seli inabaki hai ikimlisha. Ukuta umebomolewa, utando haujapasuka. Na kwa kuwa mwili wake karibu wote uko nje juani, salfa ya unga inayopulizwa juu ya majani inampata. Kuvu anayejificha ndani ya shina ingekuwa kazi kumfikia kwa unga.

Swali lako la mwisho. Seli nyingi za mmea zina upana kati ya mikromita 10 na 100, na macho yetu yanaanza kushindwa hapo hapo kwenye 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo nyingi huzioni. Ila zipo kubwa. Chukua kitunguu chekundu, kikate, toa tabaka moja nene, livunje kwa mgongo wake uvute kile kingozi chembamba kinachobaki kinaning'inia. Kitandaze kwenye kioo, kitazame kwa lenzi yenye nguvu kidogo dhidi ya mwanga: utaona mistari kama ya mkeka uliosukwa, kila ukindu seli moja ndefu, na zambarau yote imo kwenye vakuoli. Bila lenzi kabisa, nunueni tikiti maji lililoiva. Usilikate kwa kisu pale unapotaka kutazama, maana kisu kinazipasua. Limegue kwa mikono. Geuzia sehemu iliyomeguka kwenye jua, ilaze kidogo upande. Zile chengachenga zinazong'aa kama punje za sukari, nyingine zinakaribia milimita nzima, ni seli moja moja. Mwanao achukue moja kwa ncha ya sindano aiweke kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha aibonyeze.